Kanzu Thelathini na Sita za Tangambili

Nukta ya kwanza ilikuwa begani, karibu na mshono. Kache Ngowa aliinama, akaipuliza. Haikutoka. Masizi hayafutwi kwa kidole. Ukiyafuta yanageuka mstari. Hupulizwa, na yasipotoka, nguo hurudi majini. Akasogea kwenye kanzu ya pili, halafu ya tatu. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Machi, juu ya paa bapa la nyumba ya mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa. Alipofika mwisho wa kamba ya nne alikuwa amehesabu kanzu kumi na nne zenye madoa, katika kanzu thelathini na sita.

Zote thelathini na sita zilikuwa za harusi moja. Kesho yake, Alhamisi baada ya sala ya alasiri, wanaume thelathini na watano wangemtoa bwana harusi, Khubaib, nyumbani kwao na kumsindikiza hadi msikitini akaozwe, kwa miguu, kwa dufu, wote katika kanzu mpya za kitambaa kimoja. Ami yake, fundi Jamaldin, ndiye aliyezishona. Kache ndiye dobi. Kwa miaka kumi na tisa hapajatoka bwana harusi mtaani hapo ambaye kanzu yake haikupita kwenye kamba zake.

"Kache!" Sauti ilipanda kwa ngazi kutoka orofa ya chini. "Mbona kimya hivyo huko juu? Umeanguka ama umeolewa?"

Huyo ni Bi Nana, mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na moja ambaye magoti yake hayapendi ngazi lakini masikio yake hayana kasoro. Paa ni lake, kamba ni za Kache.

"Zimeingia masizi, Bi Nana."

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ya bwana harusi?"

"Yake safi."

"Alhamdulillahi. Basi huyo ataoa. Hao wengine watamtazama."

Kache hakucheka. Ana miaka arobaini na saba, asili yake ni Kaloleni, anaishi Tononoka, na kila alfajiri huteremka kwa miguu hadi Mji wa Kale kabla tuktuk hazijaanza kupigiana honi vichochoroni. Hafahamiki kwa kucheka wala kwa kulia. Anafahamika kwa kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni utepe wa bafta nyeupe, urefu wa mkono. Kabla ya kuanika chochote, Kache huulowesha utepe huo na kuufunga kwenye ukingo wa paa upande wa magharibi, akauacha kwa nusu saa. Ukibaki mweupe, anaanika. Ukiota nukta, anasubiri. Hakufundishwa na mtu. Alianza mwaka wake wa pili kazini, baada ya kuharibu mashuka ya wageni waliotoka Lamu, na tangu siku hiyo hajautupa utepe hata mmoja. Umo kila mmoja katika mikebe ya biskuti chini ya ngazi, umefungwa uzi wa rangi: samawati kwa siku za kusi, nyekundu kwa kaskazi, njano kwa tangambili.

Anayetazama kutoka pale juu anaelewa mara moja kwa nini utepe hufungwa magharibi. Mashariki, chini kabisa, ni mkono wa bahari, na ng'ambo yake minazi ya bara. Kutoka huko, hewa haina pa kuchukua uchafu mwingi. Magharibi ni kisiwa kizima: mapaa ya mabati, minara, mabomba ya jikoni, halafu winchi za bandari, halafu barabara ya Makupa inayokiunga kisiwa na bara, na kando yake Kibarani, palipokuwa na jaa la taka na sasa pana nyasi na miti michanga. Nyuma ya hapo ni malori na mabomba ya moshi ya viwanda. Yote hayo hayako mbali na kamba za Kache kwa zaidi ya kilomita chache.

Kinachoamua ni upepo. Kusi, kuanzia Aprili, hutoka baharini upande wa kusini na kukipangusa kisiwa mchana kutwa. Kaskazi, kuanzia Disemba, ni pepo kavu, huleta vumbi jembamba la upande wa Kisauni na chumvi, lakini haileti masizi. Taabu iko katikati, wakati kaskazi imekwisha na kusi haijaanza. Watu wa pwani huziita wiki hizo tangambili. Hewa hulala. Alfajiri hushuka umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini, nao hupita kwanza juu ya barabara, bandari na chochote kilichokuwa kikichomwa usiku, kabla ya kufika Mji wa Kale.

Kache anajua yote hayo. Ndiyo maana alikasirika. Jumatano ile aliufunga utepe saa kumi na moja na nusu, ukabaki mweupe kama ulivyotoka dukani. Akaanika kwa kufuata kanuni yake mwenyewe, na kanuni ikamtupa.

Fundi Jamaldin alifika saa mbili. Ni mtu mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, sindano mbili zimechomekwa daima kwenye ukosi wa shati. Akaishika kanzu moja kwa ncha za vidole.

"Sabalkheri, Bi Kache."

"Sabalkheri, fundi."

"Mimi nimeshona kanzu, yakhe. Hii ni ngozi ya chui."

"Nimeona."

"Zote hizi nimezishona kwa macho yangu haya mabovu, na..."

"Fundi, nimeona."

Jamaldin akaikunja ile kanzu yenye madoa mara nne, pembe kwa pembe, kabla ya kuirudisha kwenye beseni la maji. Kache alimtazama akifanya hivyo. Mafundi cherehani wako hivyo. Hawawezi kuishika nguo bila kuikunja.

"Nikueleze la moyoni," fundi akasema. "Kesho adhuhuri ikiadhiniwa na hazijakauka, tena nyeupe, nazichukua nazipeleka kwa wale wa mashine huko juu mjini. Sitaki. Wanga wao unavunjika kama kaki. Lakini siwezi kumtoa mtoto wa ndugu yangu na kundi la chui."

"Adhuhuri," Kache akasema.

"Adhuhuri."

Hesabu haikuwa ngumu. Zingerudi majini zote thelathini na sita, maana zikitiwa buluu siku tofauti weupe haufanani. Kufua upya, kutia buluu ya kung'arishia na kutia wanga kungemchukua hadi alasiri, na alasiri ya tangambili haina upepo wa kukausha kanzu nzito kabla ya unyevu wa jioni. Ndani hazianikiki: jiko la Bi Nana ni la makaa, na nguo ikikaukia humo hunuka mchuzi hadi harusi ya mjukuu. Kuziacha zimelowa siku mbili ni kuuvundisha wanga. Kwa hiyo zingelala beseni kwa usiku mmoja, na Alhamisi zingeanikwa mara moja tu. Akikosea saa, basi.

Alikuwa katikati ya kufua, akikohoa kama anavyokohoa kila mwaka wiki hizo, Cynthia alipopanda. Cynthia Masha ni fundi wa mitambo katika mradi wa chuo unaopima vumbi hewani. Mwezi wa Januari, kwa ruhusa ya Bi Nana, alifunga kisanduku cheupe, kikubwa kama kopo la maziwa, kwenye nguzo ya paa. Kila wiki mbili huja kukipangusa. Kache hakuwahi kukijali. Alikuwa amekianikia soksi.

"Dada Kache, soksi hizi tena?"

"Zinakauka vizuri hapo. Kinapumua."

Cynthia akaziondoa, akatoa simu, na kuangalia nambari za alfajiri. "Leo ulianika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Kitambaa kilikuwa cheupe."

"Saa kumi na mbili hapa palikuwa hamsini na tisa." Alimaanisha mikrogramu hamsini na tisa za vumbi laini katika kila mita ya ujazo ya hewa. "Siku nzuri ya kaskazi huwa nane, tisa. Kitambaa kingekuwa cheupe vipi?"

"Kwani mimi naongopa?"

"Sikusema hivyo."

"Hicho chako kimezaliwa Januari. Mimi nina miaka kumi na tisa hapa."

"Basi nionyeshe hiyo miaka."

Kache alifuta mikono, akashuka, akarudi na mkebe wa mwaka huo. Walikaa sakafuni, mmoja akitaja tarehe kutoka kwenye mkebe, mwingine akiitafuta kwenye simu. Siku za uzi mwekundu: utepe mweupe, nambari ndogo. Siku nyingine: utepe una nukta, nambari kubwa. Walikubaliana tarehe baada ya tarehe, na Kache akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha wakafika kwenye nyuzi za njano.

"Tarehe kumi na tisa," Kache akasema. "Mweupe."

"Hamsini na mbili."

"Ishirini na tatu. Mweupe."

"Sitini na moja." Cynthia akaweka simu chini, uso umemchangamka. "Upepo ulikuwaje siku hizo?"

"Hakuna. Hata jani."

"Ndiyo! Ndiyo hivyo!" Akapiga goti. "Kuna vumbi la aina mbili, dada. Masizi makubwa yanaanguka, kitambaa kinayashika. Lile laini haliangukii popote. Linaelea tu. Hewa ikilala, linajaa kama maji kwenye karai, na kitambaa hakioni kitu. Halafu umande unapoanza kusukuma, unaleta na yale makubwa. Leo ulianika katikati ya hayo mawili."

Kache aliutazama utepe wa tarehe ishirini na tatu, mweupe, uliomwambia siku hiyo kwamba hewa ni safi. Alikumbuka kwamba siku hiyo alikaa paani asubuhi yote akilinda mashuka, na jioni hakuweza kupanda ngazi za nyumbani kwake bila kupumzika.

"Hizo siku nyeupe ndizo ninazokohoa," akasema polepole. "Miaka yote nasema ni maji baridi."

Cynthia aliuokota utepe ule, akaugeuza upande wa pili.

"Kwa hivyo kifua changu kimekuwa kikiona kuliko kitambaa," Kache akasema. Akasimama, akarudi kwenye beseni. "Haya. Kesho utakuwa wapi?"

"Kesho? Kazini."

"Kazi iko hapa."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, hapakuwa na jani lililotikisika. Moshi wa majiko ya mtaa ulipanda wima, ukafika usawa wa mapaa, ukalala hapo kama shuka. Utepe ulikuwa mweupe. Kwenye simu ya Cynthia, aliyefika kabla ya jua, kisanduku kilisema sitini na moja. Kache, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, aliudharau utepe wake. Akafunika mabeseni, akashuka na kukaa sebuleni kwa Bi Nana, leso imezunguka pua.

Saa moja: sitini na nne. Saa moja na nusu, umande ukaanza, mwepesi, kutoka magharibi. Cynthia alipanda, akateremka mbio.

"Kitambaa kina nukta! Saba!"

"Ningekuwa nimeanika," Kache akasema.

"Ungekuwa umeanika," Bi Nana akathibitisha, akimmiminia kahawa.

Saa mbili: hamsini na nane. Fundi Jamaldin alichungulia mlangoni, akawaona wanawake watatu wamekaa, wanakunywa kahawa, na mabeseni yamefunikwa.

"Hii ndiyo kazi?"

"Tunasubiri hewa, fundi," Bi Nana akasema. "Kaa."

"Bi Nana, adhuhuri..."

"Adhuhuri ni saa sita na nusu. Sasa ni saa mbili. Kaa, unywe kahawa, uache kuikunja hiyo leso yangu."

Jamaldin akaiweka leso. Ilikuwa tayari imekunjwa mara nane.

Saa tatu: arobaini na moja. Kache alikuwa amesimama. Alisema baadaye kwamba hakuona, alisikia: pazia la dirisha la kusini liligonga mbao mara moja. Kwa wiki tatu pazia hilo halikuwa limesogea. Akapanda ngazi. Kule juu moshi wa majiko ulikuwa umevunjika na kuinama, wote kwa upande mmoja, kuelekea kaskazini. Kutoka upande wa Ngome na mlango wa bahari ulikuja upepo wenye harufu ya chumvi.

"Cynthia! Nambari!"

"Ishirini na mbili! Inashuka! Kumi na nane!"

"Ni kusi," Kache akasema, na akasema tena kwa sauti iliyosikika nyumba ya pili: "Kusi imeingia!"

Walianika thelathini na sita kwa dakika kumi na nne. Upepo ukazijaza moja baada ya nyingine, mikono ikanyooka, na paa likawa kama limejaa wanaume wanene wasio na vichwa, wanaogombana. Bi Nana, ambaye hakuwa amepanda huko kwa miaka miwili, alijikokota ngazi moja moja hadi akatokeza kichwa, akazitazama na kusema, "Hawa ndio wasindikizaji? Mbona wana nguvu kuliko wale wa harusi ya mwaka jana?"

Saa tano pindo zilikuwa bado mbichi. Saa tano na nusu mabega yalikauka. Kache alipita katikati ya kamba akizigusa kwapani, mahali pa mwisho pa kukauka. Bado kidogo. Ndipo Cynthia, aliyekuwa akitazama kusini, akasema, "Dada."

Wingu lilikuwa limesimama juu ya Likoni, jeusi chini, na chini yake bahari imegeuka rangi.

Kusi ya kwanza huja na mvua ya kwanza. Na mvua ya kwanza ndiyo chafu kuliko zote: huteremsha kila kitu ambacho hewa imekibeba kwa wiki tatu za tangambili. Mvua ya pili unaweza kuogea. Ya kwanza, tone moja ni nukta ya kijivu yenye ukingo, haitoki kwa buluu wala kwa sabuni.

"Anueni!" Kache akapiga ukelele. "Fundi! Njoo huku! Bi Nana, kaa mlangoni, pokea!"

Jamaldin alipanda ngazi mbili mbili. Kache alizikwanyua kanzu kwa mafungu, nne kwa mkono mmoja, akamtupia Cynthia, Cynthia akamtupia Bi Nana, Bi Nana akazitupa kitandani chumbani. Vibanio viliruka hadi kichochoroni. Mtu huko chini akalalamika, mwingine akacheka. Kumi na mbili. Ishirini. Ishirini na nane. Kache akageuka na kumwona fundi kwenye kamba ya mwisho, kanzu imelala kifuani pake, mikono inapangilia pindo juu ya pindo.

"Fundi! Usikunje!"

"Itavunjika wanga..."

"Kusanya! Usikunje! Kusanya kama nyasi!"

Alikusanya. Thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na tano. Ile ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe, aliyoishona kwa kipimo chake, na mkono haukumtii. Akainyoosha, akaleta bega kwa bega. Tone likaanguka.

Lilitua kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Halafu mvua yote ikafuata, nao wakawa wamerundikana kwenye mlango wa ngazi, wanahema, wanachekana, kanzu ya thelathini na sita chini ya shati la fundi.

Utepe peke yake ulibaki nje ukingoni. Mvua ilipopungua, baada ya dakika ishirini, Kache alikwenda kuufungua. Ulikuwa wa kijivu ncha hadi ncha, kama tambara la kufutia sufuria. Wote wanne waliupokezana. Hicho ndicho kingekuwa kimekaa kwenye mabega ya watu.

"Na sasa?" Kache akauliza.

Cynthia alitazama simu, akaipangusa, akatazama tena. "Sita," akasema. "Dada, sita! Tangu Januari sijaiona sita!"

Kache alivuta pumzi, ndefu, hadi mwisho, akaishikilia kuona kama kikohozi kitakuja. Hakikuja. Adhuhuri ikaadhiniwa. Kanzu zilikuwa kitandani kwa Bi Nana, nyeupe, zina unyevu ule hasa ambao pasi huupenda.

Baada ya alasiri msafara ulitoka. Kichochoro kilikuwa kimeoshwa, kuta zinang'aa, na upepo wa kusini uliingia moja kwa moja katikati ya nyumba, ukiinua pindo za kanzu na kubeba mlio wa dufu mbele ya watu. Kache na Cynthia waliegemea ukingo wa paa wakihesabu. Khubaib alikuwa wa kwanza. Wa mwisho alikuwa Jamaldin, akitembea na mkono wa kushoto umekunjwa mgongoni kama mwalimu wa zamu.

"Fundi!" Kache akamwita kutoka juu. "Mkono una nini?"

Jamaldin akainua uso, akacheka, akautoa mkono na kuuonyesha mtaa mzima nukta yake. "Ngozi ya chui!" akasema. "Hii nimeitafuta mwenyewe!"

Thelathini na tano na nukta moja. Kache aliufunga utepe wa siku hiyo uzi wa njano upande mmoja na wa samawati upande wa pili, akautia mkebeni. Kisha akamuuliza Cynthia kama nambari zile zinaweza kuingia kwenye simu yake ndogo, isiyo na kioo cha kugusa. Cynthia akasema zitaingia kwa ujumbe, kila asubuhi saa kumi na mbili.

"Za tangambili tu," Kache akasema. "Siku za kusi nitajua mwenyewe. Ikizidi thelathini, nitabaki Tononoka hadi saa tatu, na nguo zitanisubiri."

Akazichukua soksi, akatazama kisanduku kwenye nguzo, akaenda kuzianika kwenye kamba.